Maktaba imepasuka na Baraza linataka ghorofa: chuo cha mteremkoni kikue kuelekea wapi?

«Mhandisi, habari za kazi. Mimi ni mjumbe wa kamati ya majengo ya chuo kikuu kidogo kilicho pembezoni mwa Jiji la Mwanza, kwenye mteremko unaoshuka hadi ziwani. Mwaka 2014 tulikuwa na majengo manne na wanafunzi wasiofika 400. Leo tuna majengo 15 na wanafunzi 2,600. Maktaba, ambayo ni jengo letu la kwanza na iliongezewa bawa mwaka 2021, imepata ufa unaopanda kama ngazi kwenye kona ya upande wa ziwa, na ufa mwingine ulionyooka pale bawa jipya lilipoungana na jengo la zamani. Fundi wetu ameziba mara mbili kwa ripu, na mara zote mbili nyufa zimerudi. Wakati huohuo Baraza la Chuo linataka tuongeze ghorofa mbili juu ya jengo la madarasa, kwa sababu nondo ziliachwa zikichungulia kwa ajili hiyo, na tujenge hosteli karibu na ufukwe ambako ardhi iko wazi. Wazee wa hapa wanatuambia tusiwe na hofu, kwani Mwanza yote ni mwamba. Je, nyufa hizi zina maana gani, na tuelekee juu au tuelekee ziwani?»

Ndugu mjumbe, nimelisoma swali lako mara tatu, na naona kuwa kinachokunyima usingizi si ufa wenyewe, kwa kuwa ufa ungekuwa peke yake ungemwachia fundi. Kinachokusumbua ni kwamba siku si nyingi utaketi kwenye kikao, uombwe kuidhinisha uzito mpya juu ya kilima ambacho tayari kimeanza kulalamika, na hujui kama malalamiko hayo ni madogo au makubwa. Mimi pia siwezi kulijua hilo kwa kusoma barua, lakini ninaweza kukueleza kinachotokea chini ya miguu yenu, ili mtu atakayekuja kupima asiwakute gizani.

Nianze na wazee. Hawajakosea kusema kwamba Mwanza ni mawe; wamekosea kudhani kwamba mawe hayo yameungana chini kama sakafu. Mawe makubwa tunayoyaona yakiwa yamekaa moja juu ya jingine, kama lile la Bismarck pale ufukweni mjini, yalifinyangwa ardhini kabla hayajaonekana juu. Mwamba wa matale una nyufa zake za asili, na maji ya mvua yaliyopita katika nyufa hizo kwa muda mrefu mno yalioza kwanza pembe na kingo za kila pande la mwamba, yakaacha kiini kigumu cha mviringo kikiwa kimezungukwa na udongo wa changarawe. Baadaye mvua ikauchukua udongo, viini vikabaki vikitazamana na jua. Kwa hiyo jiwe mnalopigia picha siku ya mahafali ni lile lililokwisha kumenywa. Chini ya maktaba yenu, kwa vyovyote vile, wamo ndugu zake ambao bado hawajatokeza, na katikati ya jiwe na jiwe upo udongo laini unaoweza kuwa na kina cha nusu mita au cha mita nne.

Niliwahi kusimamia mtaro wa msingi wenye urefu wa mita 18 kwenye mteremko wa namna hiyo. Upande mmoja sururu ilidunda baada ya sentimita 40, na vijana wakashangilia kwamba kazi imekwisha. Upande wa pili tulishuka mita 3 tukiwa bado tunachota udongo mwekundu unaopondeka kwa vidole. Mtaro ulikuwa mmoja, ukuta ungekuwa mmoja, lakini ardhi zilikuwa mbili. Mteja aliona ninapoteza fedha yake kwa kuchimba, na kwa siku kadhaa salamu zake zilikuwa za mbali.

Jengo kuzama si kosa, kwa sababu kila jengo huzama milimita kadhaa katika miaka yake ya mwanzo, udongo unapobanwa na uzito mpya, kisha hutulia. Kosa huanza pale kona moja inapozama na nyingine kukataa. Ukuta wa matofali una nguvu ya kubeba, lakini hauna uwezo wa kupinda, hivyo unapolazimishwa kupinda hupasukia mahali palipo dhaifu, yaani kwenye saruji iliyo kati ya tofali na tofali. Ndiyo maana ufa wenu unapanda kama ngazi: unafuata viungo. Utazame vizuri na upime upana wake chini na juu. Ukiwa mpana zaidi juu kuliko chini, maana yake kwa kawaida ni kwamba kona ile inashuka na kujitenga na sehemu nyingine ya jengo, na kwa kuwa ni kona ya upande wa ziwa, upande ambao mteremko unaelekea, mimi nisingeshangaa.

Ufa wa pili, ule ulionyooka, una asili nyingine, na pengine ndio usio na hatari kubwa kati ya hizo mbili ingawa ndio unaotisha kwa macho. Jengo la zamani lilikwisha kuzama kiasi chake kabla ya 2021. Bawa jipya lilipojengwa lilianza kuzama kwake, na kama fundi aliliunganisha kwa kuyaumanisha matofali mapya na ya zamani kwa meno, alikuwa anamfunga kamba aliyekwisha kufika pamoja na anayeanza safari. Majengo ya umri tofauti yanapaswa kuachiwa mwanya kuanzia kwenye msingi hadi kwenye paa, wa sentimita 2 hadi 3, uliojazwa kitu laini na kufunikwa vizuri ili maji yasiingie. Pale mwanya usipoachwa, jengo hujitengenezea wa kwake, na huo ndio mnaouona. Dawa yake si kuuziba kwa saruji, ambayo itapasuka tena, bali kuukubali: kuunyoosha, kuusafisha na kuufanya mwanya rasmi. Kuhusu ripu nisiseme mengi. Ripu ni nguo, haijapata kuunga mfupa.

Sasa lipo jambo ambalo barua yako imeligusa bila kukusudia, nalo kwangu ndilo lenye uzito kuliko yote. Maktaba ilisimama bila ufa kwa miaka mingi, kisha ikapasuka. Udongo uliokuwa chini yake mwaka 2014 ndio uliopo leo, na mawe ni yaleyale. Kilichobadilika ni kile kilichojengwa juu yake mteremkoni. Majengo 11 mapya ni mapaa 11 mapya, pamoja na njia za zege, maegesho na viwanja vilivyopondwa na miguu hadi visinywe tena maji. Chukua paa moja la mita za mraba 600 na mvua moja nzuri ya masika ya milimita 50: hapo pana lita 30,000 za maji kutoka kwenye paa moja kwa mchana mmoja. Zamani maji hayo yalinywewa na nyasi na miti kilimani. Sasa yanatoka kwenye bomba la mfereji wa bati, yanamwagika mahali pamoja, na kuanza kutafuta njia ya kwenda ziwani. Katika ardhi ya mawe njia hiyo ni uso wa jiwe. Maji hushuka hadi yakutane na mwamba, huteleza juu yake yakiwa yamefichika chini ya udongo, na kila yanapopita hubeba punje za changarawe kutoka kati ya mawe. Ikiwa kona ya maktaba imekalia udongo wa kati ya mawe mawili, udongo huo unapunguzwa kidogo kidogo kila msimu, na hakuna anayeuona ukiondoka.

Hukutaja majitaka, lakini siwezi kuyaruka. Makaro yaliyochimbwa kwa ajili ya watu 400 hayawezi kuwahudumia 2,600 kwa kuombwa tu. Pale mwamba ulipo karibu, maji ya karo hayapati udongo wa kutosha wa kuyanywa, nayo hushika njia ileile ya uso wa jiwe na kuibukia chini, wakati mwingine nyuma ya jengo ambalo halina choo kabisa. Zungukia upande wa chini wa kila jengo wakati wa kiangazi, mwezi Julai au Agosti. Mahali ambapo nyasi ni za kijani wakati kilima chote kimekauka pana maji yanayotoka mahali fulani. Kazi hiyo haihitaji mhandisi. Mimi mwenyewe huianza kwa kumwuliza mtunza bustani, ambaye mara nyingi anajua kila kitu na hajawahi kuulizwa.

Kwa hiyo inawezekana kabisa kwamba maktaba haina kosa lolote katika ujenzi wake wa awali, ila imepasuliwa na ustawi wa chuo. Nasema inawezekana, kwa sababu msingi haujafukuliwa, na zipo sababu nyingine, kwa mfano mbuga. Wasukuma wamezipa aina za udongo majina kwa kufuata mteremko: juu, karibu na mawe, ni luseni yenye mchanga, chini yake ni itogolo, na bondeni ni mbuga, ule udongo mweusi unaovimba ukinywa maji na kupasuka wakati wa kiangazi. Ikiwa kona ya maktaba imefika kwenye ulimi wa mbuga, nyufa zitajibana wakati wa mvua na kupanuka wakati wa ukame. Chini ya udongo unaosombwa mambo huwa kinyume, kwani nyufa hupanuka mvua ikinyesha na hazirudi. Chora mstari mwembamba wa penseli kukatisha ufa, pima upana wake kwa rula ndogo, andika tarehe ukutani palepale, na urudie kila baada ya wiki mbili kuanzia mwanzo wa vuli mwezi Oktoba hadi masika yaishe Mei. Penseli hiyo itamwambia mtaalamu mengi kuliko maelezo ya kikao kizima.

Nije kwenye ghorofa. Nondo zinazochungulia juu ya nguzo ni dalili ya nia, si uthibitisho wa uwezo. Nimeona majengo mengi kandokando ya ziwa letu yaliyoachiwa nondo kwa sababu mwenye jengo alimwambia fundi «tutaendelea baadaye», wakati msingi uliochimbwa chini ni wa nyumba ya chini tu. Isitoshe, nondo ya milimita 16 inahitaji kulaliana na ile inayoendelezwa kwa sentimita 64 hivi au zaidi, ilhali zinazoachwa mara nyingi hubakia na sentimita 30, zimekunjwa kando ili zisimchome mtu, na zimelowa mvua ya miaka kumi. Ziwa letu si la chumvi, kwa hiyo kutu yetu ni ya polepole kuliko ya Tanga au Mtwara, lakini ni kutu hata hivyo: chuma kinapoliwa huvimba, na kikivimba hupasua zege la nguzo kutokea ndani.

Baraza la Chuo litakuuliza ghorofa mbili zina uzito gani hasa. Wafanyie hesabu ya chumba kimoja. Darasa la mita 9 kwa 7 lenye slabu ya sentimita 15 lina meta za ujazo 9.45 za zege, na zege hilo, kwa kilo 2,400 kwa kila meta ya ujazo, lina uzito unaokaribia tani 23. Kuta zake za matofali ya inchi sita, baada ya kutoa milango na madirisha, zinaongeza tani nyingine 20 hivi. Wanafunzi 60, wenye kilo 65 kila mmoja, hawafiki tani 4. Watu wanaosema «tutaweka madarasa madogo, hayatajaa sana» wanapunguza kile kilicho chepesi kuliko vyote. Uzito ni jengo lenyewe, nao unakaa pale usiku na mchana, hata wakati wa likizo.

Utaambiwa kuhusu hospitali ya Bugando, ambayo imesimama kilimani na ghorofa zake nyingi tangu 1971. Ni mfano mzuri, na ni mzuri kwa sababu ilikuwa ndefu tangu ikiwa kwenye karatasi. Kilima kinabeba, swali ni kama msingi ulikusudiwa kubeba. Ikiwa michoro ya awali ya jengo lenu la madarasa inaonyesha ghorofa mbili juu ya sakafu ya chini, na vipimo vikathibitisha kwamba kilichojengwa ndicho kilichochorwa, basi kuongeza ghorofa ni njia nzuri kuliko zote: haili ardhi mpya, haiongezi paa, na mabomba yako tayari karibu. Ikiwa michoro haipo, jengo lichukuliwe kuwa la chini tu hadi lithibitishe vinginevyo. Uthibitisho huo hupatikana kwa kufukua msingi mahali kadhaa, kupima zege kwa kukata vipande vya mviringo na kuviponda maabara, na kutafuta nondo zilizomo kwa kifaa cha kuzisoma bila kubomoa. Gharama yake ni sehemu ndogo sana ya gharama ya ghorofa moja.

Hosteli ya ufukweni sitaizunguka: msiijenge. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa, na ukingo wenyewe si uzio wenye vigingi. Kati ya 1961 na 1964 maji ya Ziwa Viktoria yalipanda zaidi ya mita 2, na mwezi Mei 2020 yakarudi kwenye kiwango hicho cha 1964 na kukipita kidogo. Wengi wetu tunakumbuka nyumba na mialo iliyolowa mwaka ule. Kwenye ufuko wenye mteremko mdogo, mita 2 za kwenda juu zinaweza kuwa mita 40 au 50 za kuingia nchi kavu. Hata ukisogea nje ya mita 60, unaelekea kukutana na mbuga, maji ya ardhini yaliyo karibu, na karo lisilo na mahali pa kumimina ila ziwani, ambako pengine ndiko chuo chenyewe kinachota maji. Ardhi ile iko wazi kwa sababu.

Zipo njia nyingine mbili ambazo barua yako haikuzitaja. Ya kwanza ni sehemu ya juu ya kiwanja chenu, kama ipo, ambako mwamba umetokeza. Huko msingi huwa mfupi na imara, lakini kila mita unayopanda utailipia kwa kuta za kuzuia udongo, kwa pampu ya maji, na kwa ngazi ambazo mwanafunzi mwenye kiti cha magurudumu hataziweza. Njia yake ichorwe kabla ya jengo. Ya pili haina saruji. Mwombe mratibu wa ratiba ahesabu, kwa wiki moja ya kawaida, kila chumba kilikuwa na watu saa ngapi na viti vingapi vilikaliwa. Katika vyuo nilivyopata kufanya kazi, ukumbi mkubwa hugombaniwa Jumatatu hadi Jumatano asubuhi, na Ijumaa mchana unamkuta humo mlinzi peke yake. Sisemi kwamba ratiba itamaliza tatizo la wanafunzi 2,600. Nasema inaweza kuwapa mwaka mmoja au miwili ya kupima ardhi bila kukimbizwa.

Mwaka huo ningeutumia hivi, na mpangilio wake una sababu. Kwanza maji ya mapaa yakusanywe na kupelekwa kwenye mitaro iliyojengwa, kuanzia jengo la juu kabisa kushuka chini, kwa sababu kukarabati msingi wa maktaba wakati maji bado yanapita chini yake ni kupiga deki huku bomba likivuja. Sehemu ya maji hayo ingehifadhiwa kwenye matangi. Chuo kinachonunua maji wakati lita 30,000 zinapita mlangoni kinashangaza kidogo. Kisha majitaka: ongeeni na MWAUWASA, mamlaka ya maji na majitaka ya Mwanza, kujua kama mtandao wao wa majitaka unaweza kuwafikia, kwa kuwa katika baadhi ya mitaa ya milimani mjini mabomba ya kipenyo kidogo yamepitishwa katikati ya mawe na yanafanya kazi. Baada ya hapo ndipo uchunguzi wa ardhi. Hapa nakuomba uwe mkali. Katika ardhi yetu shimo moja linalochorongwa hudanganya, kwa maana linaweza kugonga jiwe moja kubwa lililokaa juu ya udongo, na ripoti ikaandika «mwamba». Taka mashimo kadhaa, na taka wachoronge angalau mita 3 ndani ya jiwe kabla ya kuliita mwamba.

Mtakayemwita awe mhandisi wa majengo aliyesajiliwa na Bodi ya Usajili wa Wahandisi, na jina lake mlitafute kwenye orodha ya Bodi kabla ya kumlipa. Asiwe yule anayetarajia kupewa kazi ya kujenga ghorofa hizo. Msimamieni fundi wenu kwa heshima. Alichofanya ni kile alichoagizwa, na ninyi ndio mliomwagiza azibe.

Kuna hali ambazo hazingoji vuli wala kikao. Ikiwa ufa umefika milimita 5, ikiwa umepita kwenye nguzo au kwenye mkanda wa zege badala ya kuishia kwenye matofali, ikiwa mlango au dirisha la karibu limeanza kukwama bila kubadilishwa, ikiwa ukuta umetokeza tumbo, au ikiwa zege la dari limemeguka na nondo yenye kutu inaonekana, fungeni sehemu hiyo ya maktaba siku hiyohiyo na mmwite mhandisi kabla ya jioni. Hata kama hakuna dalili yoyote kati ya hizo, ondoeni rafu za vitabu kwenye kona ya ziwa wiki hii. Mita moja ya vitabu ina kilo zipatazo 30, hivyo rafu ya pande mbili yenye ngazi sita na upana wa mita moja inabeba takriban kilo 360, na bila shaka mmezipanga rafu kumi kandokando ya ukuta ule kwa sababu ndiko kwenye mwanga mzuri. Wekeni pale meza za kusomea.

Mhandisi atakapofika atakuuliza michoro ya awali ya maktaba na ya jengo la madarasa, taarifa za vipimo vya zege kama vilifanyika, na mwaka ambao kila jengo liliezekwa. Anza kuvitafuta leo, na usiishie kwenye kabati la ofisi ya miliki. Ulizia kwa mkandarasi wa kwanza, kwa ofisi ya mhandisi ya halmashauri iliyotoa kibali, na kwa yeyote aliyekuwa msimamizi wa ujenzi mwaka ule hata kama amestaafu. Kwenye karatasi tupu chora kilima chenu kuanzia juu hadi ziwani, weka kila jengo na mwaka wake, kisha weka mshale mahali ambapo kila mfereji wa bati unamwaga maji. Ukiimaliza kazi hiyo kabla ya mvua za Oktoba, simama na mwavuli juu ya maktaba siku ya mvua ya kwanza, uone ni mishale mingapi inaelekea kwenye ile kona.